Tulivyoifuata dawa ya shamba hadi mtoni

Jumapili, jioni

Chupa zimeoshwa, zimesuuzwa kwa asetoni, na sasa zimepangwa kwenye kreti. Zote ni za kioo cha rangi ya kahawia. Za plastiki zingekuwa nyepesi kubeba, lakini baadhi ya viuadudu, hasa vya jamii ya pairethroidi, hunata kwenye kuta za plastiki, na ukifika maabara unajikuta unapima maji ambayo dawa yake imebaki kwenye chupa. Rangi ya kahawia ni kwa sababu ya jua. Ziko dawa zinazovunjwa na mwanga ndani ya saa chache.

Swali tulilopewa ni fupi: je, viuatilifu vinavyopigwa kwenye mashamba ya bonde hili vinawadhuru viumbe wa mtoni? Jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja ni sumu yenyewe: dawa hii ikifika kiwango gani humuua au humlemaza kiumbe huyu? Upande wa pili ni makutano: kiumbe huyo atakutana nayo kweli, kwa wingi gani, kwa muda gani? Dawa kali iliyofungiwa ghalani haimgusi samaki. Dawa ya wastani inayoingia mtoni kila mvua ikinyesha inamgusa.

Upande wa sumu una njia zake zilizokubaliwa na mataifa mengi. Dafnia, kiumbe mdogo wa jamii ya kamba asiyezidi milimita chache, huwekwa kwenye maji yenye dawa kwa saa 48, kisha huhesabiwa walioshindwa kuogelea. Samaki hukaa saa 96. Mwani hupewa saa 72, na kinachotazamwa ni jinsi unavyozidi kuongezeka au unavyodumaa. Kutoka hapo hupatikana ukolezi unaowadhuru nusu ya waliojaribiwa. Katika taratibu za Ulaya, kwa samaki na viumbe wasio na uti wa mgongo, ukolezi huo hugawanywa kwa 100. Kwa mwani, na kwa majaribio ya muda mrefu, hugawanywa kwa 10. Kinachobaki ndicho kiwango ambacho maji yasikivuke. Ile 100 inabeba mambo yote ambayo bakuli la maabara haliwezi kuonyesha: jamii za viumbe ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu, joto, njaa, na dawa nyingine zilizomo kwenye maji yaleyale.

Upande wa makutano hauna bakuli. Huo ndio unaotupeleka mtoni kesho.

Jumatatu

Tumeanzia juu kabisa, ndani ya msitu, mahali ambapo mto bado unarukwa kwa hatua moja. Juu yake hakuna shamba hata moja. Bila kituo hiki vituo vingine vyote havina maana, kwa sababu huwezi kusema nani amepotea kule chini kama hujui nani alipaswa kuwepo.

Namna ya kukusanya ni ya zamani na bado haijapata mshindani. Unasimama penye maji ya kasi, wavu wa matundu ya nusu milimita umeusimika upande mto uendako, kisha unachakura mawe kwa mguu. Waliokuwa wameshikilia mawe wanasombwa hadi wavuni. Unamimina kwenye sinia jeupe na kungoja maji yatulie.

Leo sinia lilijaa uhai hadi wanafunzi wakanyamaza. Walikuwepo tunutu, yaani wachanga, wa efemeroptera, wadudu wanaokulia majini kabla ya kuota mabawa; hawa wana mikia mitatu, matamvua ya ubavuni yakipepea bila kukoma. Walikuwepo plekoptera, jamii nyingine ya wadudu wa namna hiyo, wenye mikia miwili, wakitambaa kwa nguvu kutafuta pembe ya sinia. Trikoptera, jamii ya tatu, walikuwa ndani ya nyumba zao za punje za mchanga zilizogandishwa kwa hariri, na kila mmoja alikuwa amechagua punje zinazolingana. Kaa wa mtoni alitoka, akarudishwa. Nimefanya kazi hii muda mrefu na bado moyo hunidunda ninapoliona sinia la namna hii.

Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini hawa ndio wanaotangulia kufa. Nikamwambia aanze na neva. Organofosfati, jamii mojawapo ya viuadudu, huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe unaopita baina ya neva moja na nyingine. Ujumbe ukikosa wa kuuzima, misuli hutetemeka hadi inashindwa. Kimeng'enya hicho anacho mdudu anayetafuna jani shambani, na anacho tunutu anayekwangua mwani juu ya jiwe. Dawa haina namna ya kujua ni yupi aliyekusudiwa. Kisha kuna matamvua: ngozi nyembamba, eneo kubwa kwa mwili mdogo, kila kilichomo majini kinapita hapo.

Jambo la tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, nalo ni urefu wa maisha. Kironomidi, jamaa wa mbu wanaoishi topeni, wanaweza kumaliza kizazi kwa wiki chache maji yakiwa ya uvuguvugu. Wako plekoptera wanaokaa majini mwaka mzima au zaidi kabla ya kuota mabawa. Dawa ikipita mara moja, kironomidi wanarudi mapema sana. Plekoptera wanaweza kuwa hawajarudi msimu wa kupulizia unaofuata unapowakuta tena.

Mwaka 2005 nchini Ujerumani, Matthias Liess na Peter von der Ohe walilitumia wazo hili kuunda kipimo kinachoitwa SPEAR. Viumbe wa kijito hugawanywa makundi mawili, walio hatarini na wasio hatarini, kwa kuangalia wepesi wao wa kudhurika, muda wa kizazi, uwezo wa kuhama kutoka sehemu nyingine, na kama huwa majini wakati wa kupulizia. Kadiri kundi la kwanza linavyopungua, ndivyo dalili ya dawa inavyozidi. Tutakitumia kipimo hiki, ila orodha yake tutairekebisha ilingane na viumbe wa mto wenyewe. Orodha iliyotungwa kwenye mito ya baridi haiwezi kuhamishwa tu na kubandikwa kwenye mito ya joto.

Jumanne

Msitu umeisha ghafla. Kutoka hapa hadi darajani, kingo zote mbili ni mashamba, na mahali pengine mstari wa mwisho wa mimea uko karibu na maji kiasi kwamba mizizi inaning'inia.

Tulimkuta mzee mmoja akipulizia, bomba mgongoni, upepo ukivuma kuelekea mtoni. Tulisubiri amalize mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnawinda samaki kwa chupa?"

Tukamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo wakulima wengi hulisema, na husema kweli: "Mimi sipigi dawa mtoni. Napiga shambani."

Tukakaa naye kivulini kuzungumza juu ya njia. Ya kwanza alikuwa anaiona mwenyewe, ule ukungu unaochukuliwa na upepo. Matone madogo hukaa hewani muda mrefu kuliko makubwa, ndiyo maana tundu la bomba na saa ya kupulizia vina uzito mkubwa. Ya pili ni mvua inayoosha udongo. Ya tatu ni mifereji ya kukaushia shamba, inayobeba dawa moja kwa moja bila kupita kwenye majani wala mchanga. Ya nne ndiyo iliyomshangaza: kuoshea bomba mtoni na kumwaga salio.

Mkemia wetu alichukua kijiti akamchorea hesabu mchangani. Kikomo cha Ulaya cha kiuatilifu kimoja katika maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja. Kwa hiyo gramu moja ya kiini cha dawa inatosha kufikisha lita milioni kumi za maji kwenye kikomo hicho. Gramu moja ni kiasi kinachoweza kubaki ndani ya bomba ambalo mkulima analiona limekwisha.

"Basi mto mzima unaharibika kwa masalia ya bomba?" mzee akauliza.

"Kijito kinaharibika, baba. Mto mkubwa unazimua. Ila kijito ndicho kinacholisha mto viumbe."

Jibu hilo limenikaa kichwani mchana kutwa. Watu hupima darajani kwa sababu gari linafika. Pale maji ni mengi, dawa imekwisha kuzimuliwa, na karatasi ya majibu inatoka safi. Vijito vinavyopita katikati ya mashamba havina daraja, mara nyingi havina hata jina kwenye ramani, na ndivyo vinavyopokea dawa ikiwa bado kali.

Kuna kosa jingine la kuchukulia kwamba kinachomfaa mtu anayekunywa kinamfaa anayeishi humo. Pairethroidi, dawa zilizobuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, hazina ukali mkubwa kwa binadamu na wanyama wanyonyeshao ukilinganisha na viuadudu vingi vya zamani. Kwa kamba na tunutu ni balaa. Kwa sipamethrini, mojawapo ya dawa hizo, Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2013 wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 0.00008 kwa lita katika mito na maziwa. Linganisha na ile 0.1 ya maji ya kunywa: ni chini yake zaidi ya mara elfu moja. Maji yanaweza kuwa halali mezani na wakati huohuo yakawa kaburi la plekoptera.

Tulichakura mawe vituo viwili kabla ya jua kuzama. Efemeroptera wapo, wachache. Plekoptera hatukumwona hata mmoja.

Jumatano

Leo tumeshinda kwenye kijito kimoja kinachoingia mtoni upande wa kushoto, chini ya mashamba ya mboga. Upana wake ni hatua mbili. Maji ni meupe, yanapendeza, na kama ningelikuwa mtu wa kupita ningeliyateka bila wasiwasi.

Tulichukua sampuli ya kawaida, chupa moja katikati ya mkondo. Kisha tukaanza kazi iliyotuleta. Tulisimika nguzo ya chuma kitandani mwa kijito, tukafunga chupa tatu juu yake kwa kupishana, ya chini ikiwa sentimita chache tu juu ya uso wa maji. Kila chupa ina mirija miwili, mmoja wa kuingiza maji na mmoja wa kutoa hewa. Mkondo ukipanda hadi kimo chake, chupa inajijaza yenyewe na kufunga. Haihitaji betri, wala haihitaji mtu kukesha. Pembeni tuliacha pia diski za kunasia: tabaka la kemikali linalovuta dawa kidogo kidogo siku hadi siku, ili mwishoni tupate wastani wa muda mrefu.

Sababu ya nguzo hiyo ni tabia ya dawa yenyewe. Kwenye kijito cha shamba, kiuadudu hakipo kila siku. Kinafika na mvua, kinapanda kwa ghafla, kinadumu saa kadhaa, kisha kinapita. Kuchukua chupa moja kila juma ni sawa na kufungua dirisha mara moja kwa juma kutazama kama mvua imenyesha. Sebastian Stehle na Ralf Schulz, katika uchambuzi wao uliotoka mwaka 2015, walikusanya tafiti 838 kutoka nchi 73. Sehemu kubwa sana ya vipimo haikuonyesha kiuadudu chochote. Lakini pale kilipoonekana, katika ukolezi zaidi ya 11,000 uliopimwa, asilimia 52.4 ulivuka kiwango kilichowekwa na wasimamizi wa dawa hiyo wenyewe. Nusu na zaidi, kwa dawa zilizoruhusiwa kwa sababu hesabu za kabla ya kuuzwa zilionyesha hazitavuka.

Ninapoisoma takwimu hiyo siwafikirii wakulima wazembe. Naifikiria mifano ya hesabu inayokisia upepo wa wastani, mvua ya wastani na ukanda wa majani ambao shambani haupo.

Mawingu yamejikusanya tangu alasiri. Wanawake waliokuwa wakipulizia ng'ambo wamemaliza haraka ili wawahi kabla ya mvua. Mmoja wao alituambia mvua ikikuta dawa haijakauka, kazi yote inakwenda bure. Sikutaka kumwongezea huzuni kwa kumwambia inakokwenda.

Imeanza kunyesha sasa hivi, kwa nguvu.

Alhamisi

Tulifika kijitoni kabla ya mapambazuko. Maji yalikuwa rangi ya matofali, yamepanda hadi gotini, na chupa zote tatu zilikuwa zimejaa. Mkemia alizifunika, akaziandika, akazitia kwenye kisanduku cha barafu huku mikono ikimtetemeka kwa baridi na kwa furaha pamoja. Chupa ya namna hii, iliyojaa usiku katika saa yenyewe, ina thamani kuliko kreti nzima ya sampuli za mchana mkavu.

Jana tulikuwa tumetega nyavu za kuelea, midomo ikitazama upande mto utokako. Mtoni wadudu huachia mawe na kuchukuliwa na maji kila siku, na kwa kawaida hufanya hivyo usiku, samaki wasiwaone. Tulizimwaga nyavu za usiku, tukazitega upya kulipokucha, tukazitoa tena asubuhi ikiwa imekomaa. Za asubuhi zilikuwa zimejaa kuliko za usiku.

Ndani ya sinia walikuwa efemeroptera, wengi wao wadogo kabisa. Baadhi walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa wamelala ubavu, miguu ikirukaruka bila mpangilio, matamvua yakipepea kisha yakikoma, kisha yakipepea. Kaa mmoja alikuwa mgongoni na hakuweza kujigeuza. Wanafunzi walitaka kujua kama tunaweza kuwahamishia maji safi wakapona. Tuliwahamisha baadhi. Ikiwa dawa ni ya jamii ya kabamati, kimeng'enya huweza kuachiliwa baada ya saa chache na mdudu akarudiwa na nguvu. Ikiwa ni organofosfati, kifungo huwa kigumu zaidi, na mara nyingi uponyaji unategemea mwili kutengeneza kimeng'enya kipya. Hadi adhuhuri, wawili tu walikuwa wanatembea.

Lakini mafuriko peke yake yanawang'oa wadudu. Mtu makini angetuuliza hivyo mara moja, na tulijiuliza wenyewe. Ndiyo maana tulikuwa tumeacha nyavu vilevile kwenye kijito cha msituni, ambacho nacho kilipata mvua ya usiku uleule. Huko kulisombwa wengi pia, wazima, wenye nguvu za kutoroka kwenye sinia. Kusombwa ni kwa mvua. Kutetemeka si kwa mvua.

Udongo nao una kesi yake. Maji ya rangi ya matofali yanabeba tope, na tope linaziba matamvua na kufunika mawe hata bila dawa. Kwa hiyo tulipima kiasi cha tope majini, oksijeni, jotoridi, uchachu na naitreti kila kituo, ili baadaye tuweze kutenganisha. Tulikwangua pia tabaka la juu la mashapo mahali maji yanapotulia. Pairethroidi hazipendi maji, hushikamana na chembe za udongo na kuzama nazo. Wiki kadhaa baada ya maji kuwa meupe tena, wanaoishi topeni bado wanaishi ndani ya dawa. Upande wa pili, dawa kama imidaklopridi na viuagugu vingi huyeyuka vizuri na kusafiri na maji hadi mbali. Ukipima maji tu unazikosa dawa za kundi la kwanza. Ukipima tope tu unazikosa za kundi la pili.

Ijumaa

Bwawani, chini ya mahali kijito kinapoungana na mto. Hapa maji ni mapana na hakuna dalili ya msiba wowote. Mvuvi mmoja alituonyesha samaki wake, wanono, akauliza kama tunataka kumharibia kazi. Tukamwambia hapana, na tukamwomba vichwa vichache. Kwenye ubongo wa samaki unaweza kupima kimeng'enya kilekile cha neva. Kikiwa kimeshuka kuliko cha samaki wa msituni, samaki amekutana na organofosfati au kabamati hata kama anaonekana mzima. Samaki wa namna hiyo huogelea polepole na hula kidogo.

Mwanafunzi mmoja alikumbusha mto Rhine wa Ulaya. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua Schweizerhalle karibu na Basel, Uswisi, maji ya kuzimia moto yakasomba tani za viuatilifu na rangi hadi mtoni, Rhine ikawa nyekundu, na mikunga wakafa kwa makumi ya maelfu. Dunia nzima iliona. Jambo hilo lilibadili namna nchi za mto ule zinavyosimamia maji yao kwa pamoja. Kijito chetu cha jana hakina rangi nyekundu wala kamera.

Tuliamka alfajiri kupima oksijeni kwenye kona yenye magugu ya majini yaliyokauka. Usiku mimea hupumua bila kutengeneza oksijeni, na iliyokufa kwa kiuagugu huoza na kuila iliyobaki. Samaki hukosa hewa ingawa dawa yenyewe haikumgusa. Madhara ya namna hii hayaonekani kwenye jaribio la saa 96.

Jumatatu, maabara

Sampuli zimepita kwenye mirija ya kunasia, na mashine ya kromatografia yenye spektrometa ya masi, inayotenganisha dawa moja moja na kuipima, imeanza kuzisoma. Majibu yatachukua muda. Wakati tunangoja, nimemaliza kuhesabu wadudu chini ya darubini, na SPEAR inaonyesha mteremko unaofuata mashamba: alama ni ya juu msituni, ya chini kidogo kwenye mto mkuu, ya chini kabisa kwenye kijito.

Nilitumia mchana kuwafundisha wanafunzi kusoma safu ya majibu iliyoandikwa "haikuonekana". Maneno hayo yana tarakimu nyuma yake, nayo ni ukolezi mdogo kabisa ambao mashine inaweza kuuona. Kwa sipamethrini, kiwango salama cha Ulaya ni sehemu ndogo ya nanogramu moja kwa lita. Kama mashine inaanza kuona kuanzia nanogramu kumi, basi "haikuonekana" haisemi lolote juu ya usalama. Maji yanaweza kuwa yamevuka kiwango mara mia moja na safu ikabaki tupu. Nimeziona ripoti nyingi zinazoigeuza safu hiyo kuwa neno "salama". Ninaomba kila anayesoma ripoti ya maji aulize kwanza mashine ilikuwa na macho makali kiasi gani.

Wiki zilizofuata, majibu

Chupa ya mchana mkavu, ile ya maji meupe ya Jumatano: karibu kila safu tupu. Chupa za usiku: mchanganyiko. Viuadudu kadhaa, kiuakuvu cha jamii ya azoli, viuagugu viwili.

Peke yake, ni dawa moja tu iliyovuka kiwango chake. Hapo ndipo tathmini nyingi zingesimama. Lakini tunutu hakukutana na dawa moja moja kwa zamu. Kwa hiyo unachukua ukolezi wa kila dawa, unaugawa kwa ule unaowadhuru nusu ya viumbe wa jaribio, kisha unajumlisha. Kama dawa moja inadhuru kwenye mikrogramu 2 na majini kuna 0.5, mchango wake ni 0.25, ya pili na ya tatu zikileta kiasi kama hicho kila moja, jumla inakaribia hali ambayo karibu nusu wanaanguka, ingawa hakuna iliyofika hata theluthi ya kipimo chake. Azoli nazo zina ubaya wao. Huzuia vimeng'enya ambavyo mdudu huvitumia kusafisha sumu mwilini, hivyo pairethroidi ileile inakuwa kali zaidi.

Uchaguzi wa kiumbe wa kulinganishia nao uligeuza jibu. Imidaklopridi ilikuwa kwenye chupa, na ukiigawa kwa kipimo cha dafnia, mchango wake ni kama haupo, kwa sababu Daphnia magna huistahimili hadi makumi ya miligramu kwa lita. Efemeroptera huanza kudhurika kwenye mikrogramu chache, na katika majaribio marefu hata chini ya hapo. Tofauti ni ya maelfu. Dawa hiyo ilipita lango la dafnia kwa miaka mingi. Tulihesabu upya kwa efemeroptera, na jumla ya chupa za usiku ikalingana na kile tulichokiona kwenye sinia asubuhi ile.

Mkutano na wakulima

Yule mzee wa bomba alikuja, na wale wanawake, na mvuvi. Nilileta masinia mawili, moja na viumbe wa msituni wakiwa hai, jingine na wa kijitoni. Sikuhitaji kusema mengi kuhusu SPEAR.

Mama mmoja alisimama akasema waziwazi: "Mwalimu, nikiacha dawa, funza wanamaliza shamba. Wanangu wanasoma kwa shamba hilo." Hilo ni neno la kweli, na mtu anayelipuuza hafai kutathmini chochote. Hatukumwambia aache. Tulizungumza juu ya kukagua shamba kwanza na kupulizia pale tu wadudu wanapofikia wingi wa kuleta hasara, kutopulizia mvua ikiwa karibu, jambo ambalo kwake mwenyewe ni kuokoa fedha, kuoshea mabomba mbali na maji na kumwagia masuuzo juu ya mimea ileile iliyopigwa, na kuacha ukanda wa majani mazito kandokando ya kijito. Ukanda hupunguza kasi ya maji, tope huketi, na pairethroidi huketi nalo. Kwa zile zinazoyeyuka, ukanda husaidia kidogo tu, hivyo imidaklopridi tumependekeza isitumike kabisa kwenye mashamba yanayogusa kijito.

Mzee akauliza kama waliopotea watarudi. Wanaweza. Utafiti wa Ujerumani uleule ulionyesha kwamba vijito vyenye sehemu isiyoguswa upande wa juu hupata nafuu, kwa sababu wadudu wazima huteremka au huruka kuja kujaza nafasi. Kwa hiyo msitu wa juu, ambao watu kadhaa wameanza kuukodolea macho, sasa umeandikwa kwenye ripoti kama sehemu ya kinga ya mto wote, pamoja na ramani yake.

Kamati ya watumia maji imekubali nguzo ya chupa ibaki kijitoni. Mtoto wa yule mama, anayesoma sekondari, amejifunza kuzibadilisha na kuzihifadhi kwenye barafu. Darajani tutapima mara moja kwa msimu. Kijitoni tutapima kila mvua kubwa ya msimu wa kupulizia, na plekoptera wa kwanza atakayeonekana chini ya msitu ataandikwa tarehe yake.